Bibo Halina Mnada

Sisi wakulima wa korosho Newala tunauza sehemu ndogo tu ya kile mkorosho unachotupa. Bibo, lile tunda laini la mkorosho, lina uzito mara tano hadi kumi ya korosho inayoning'inia chini yake, na lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Hata hivyo, karibu yote yanaozea shambani. Machache watoto wanatafuna, mengine yanaishia kwenye uraka, pombe ya mabibo.

Kikundi chetu kinatengeneza juisi. Ukakasi ndio unaowakimbiza watu, lakini unatoka: mimina uji mwepesi wa mchele kwenye juisi mbichi, koroga, iache itulie. Ukakasi unashikana na uji na kuzama. Chuja, chemsha, weka kwenye chupa. Machicha wape mbuzi. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara, wanafundisha usindikaji wa mabibo, kwa hiyo utaalamu tunao hapa hapa kusini. Brazil, jimbo la Piauí, juisi angavu ya mabibo iitwayo cajuína ni fahari yao.

Kinachotushinda ni muda. Bibo lililoanguka leo asubuhi, kesho limeshachacha. Haliwezi kusubiri lori la Dar es Salaam. Linataka mashine ya kukamua iliyo karibu na shamba, na mashine hiyo itafanya kazi Oktoba hadi Desemba, kisha ilale. Kikundi cha kijijini hakiwezi kurudisha mkopo kwa namna hiyo.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni la nchi nzima. Muheza wana machungwa yao, mikoa mingine ina matunda yake, na misimu haiji yote pamoja. Mashine ikiwekwa juu ya gari inaweza kuifuata, mkoa kwa mkoa. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanazijua mashine, TBS, shirika la viwango, wanavijua viwango, na AMCOS zetu, yaani vyama vya msingi vya ushirika, zimezoea kupokea, kupima na kulipa tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ianze kwenye korosho mwaka 2007. Kila mmoja ana kipande chake, lakini bibo si jukumu la yeyote, kwa kuwa halina bei wala mnada. Likipata bei, hata ndogo, mtu atainama kuliokota.

Nimeomba chama chetu cha msingi kiliingize suala la mabibo kwenye ajenda ya mkutano mkuu kabla ya msimu. Nanyi wanachama wa Tandahimba, Masasi na Nachingwea, ombeni vivyo hivyo kwenye AMCOS zenu.