Nyanya zangu zilikuwa zinakunywa petroli

Mbukwenyi wadau. Leo naongelea maji, maana kila anayejua nina kashamba huku upande wa Hombolo ananiambia "we si una kisima, maji bure". Bure ya wapi jamani.

Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili, zikikatika ndo basi mpaka msimu ujao. Sasa panda nyanya kiangazi na upepo wetu huu unaokausha hadi mate, ekari inataka kama milimita 5 kwa siku. Unaona kitu kidogo eeh? Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, ekari ina mita za mraba 4,047, zidisha mwenyewe, ni lita elfu 20 kila siku ya Mungu. Na mi nilikuwa namwagilia kwa mifereji, karibu nusu inanyonywa na mchanga njiani, kwahiyo ili miche ipate elfu 20 navuta elfu 40.

Pampu ilikuwa inakula lita nne za petroli kwa siku, tuseme elfu 12. Siku 70 za kupiga maji, laki nane na arobaini. Nikavuna vizuri tu, shida kila mtu mwenye kisima kavuna wiki hiyohiyo, dalali kafika shambani anaangalia matenga kama anaangalia takataka, "elfu saba mwanangu, hutaki acha". Haya, gawanya. Matenga 120 ya kwanza yalikuwa ya petroli tu, bado dawa, mbegu, vibarua. Jirani yangu aliyepanda uwele wa mvua hakuvuta hata ndoo, na ugali alikula.

Wenye zabibu wana nafuu kidogo kwa upande wa maji. Mzabibu mkubwa unavumilia kiu, na ukikaribia kuvuna unapunguza maji kabisa ili tunda lishike sukari, halafu wanavuna mara mbili kwa mwaka. Soko lao nalo lina vituko vyake, siku nyingine.

Mwaka uliofuata nikaweka mipira ya matone na pampu ya sola, nikajiona mjanja. Na kweli maji yanadondokea kwenye shina, hayapotei hovyo. Ila angalia nilichofanya na maji niliyookoa: nikaongeza ekari ya pili! Wenzangu wote waliofunga matone wamefanya hivyohivyo, hakuna aliyeyaacha yapumzike chini. Halafu petroli ilikuwa inauma, ukiisikia inaunguruma unakimbia kuizima. Sola inaumaje? Ukishalipa umelipa, jua likiwaka inavuta, tenki likijaa linamwagika mwenyewe upo kijiweni unakunywa kahawa.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni mali ya umma, na ukitaka kuyavuta kwa kilimo unaomba kibali bodi ya maji ya bonde lako la mto, sisi huku tuko bonde la Wami/Ruvu, unalipia matumizi. Mi naunga mkono, japo najua nitatukanwa kwenye komenti. Bei tunayoihesabu shambani ni ya kuyapandisha tu, mafuta au paneli, maji yenyewe tumeyaandikia sifuri, kwahiyo anayevuta sana ndo anaonekana mchapakazi.

Juzi bibi wa jirani, yule mwenye kisima cha kuchimba kwa jembe, aliniita nimsaidie kuunga kamba ya ndoo. Nikauliza imekatika? Akasema, "Haijakatika mjukuu wangu, haifiki." Tukaongeza pima mbili. Nilivyorudi kwangu pampu ilikuwa bado inavuta, na tenki limeshajaa.