Hata saa moja

Wapendwa wa Shirika letu,

Jumanne jioni nilikuwa kwenye matanga huko Kadutu. Baada ya sala, kijana mmoja alipita katikati yetu akigawa chupa, akaniwekea yangu miguuni bila kuniuliza, kama mtu anavyomsogezea mgeni kiti. Mwezi ujao nitatimiza miaka 4 tangu niache pombe, na wengi wenu mlinifahamu wakati nilipokuwa nikipanda kwenda nyumbani huku nimeshika kuta za majirani. Niliitazama ile chupa, na koo likanikauka. Nawaambia mapema ili asiwepo atakayedhani kwamba anayeandika tafakari hii amekwisha kufika ng'ambo. Bado nimo mtumbwini.

Neno lililonijia pale ni lile la Getsemani: “Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni, roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu.” Kwa miaka mingi nililishika nusu yake tu. Niliomba sana. Nilifunga, niliwekewa mikono, nililia mbele ya altare, na siku ya tatu nikarudi kwenye kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, kwa sababu sikuwa nimejifunza kukesha. Nilidhani kukesha ni kukosa usingizi usiku wa Ijumaa.

Aliyenifundisha ni muuguzi mmoja, siku nilipopelekwa hospitalini nikitetemeka mwili mzima baada ya kuacha pombe ghafla. (Hapa nawasihi: mtu aliyekunywa sana kwa miaka asiachishwe kwa siku moja nyumbani kwa maombi peke yake, maana anaweza kupatwa na degedege na hata kufa, mpelekeni kwa daktari, nanyi mwombe mkiwa njiani.) Muuguzi huyo alinipa zoezi, kisha akaniambia kwamba limetoka kwa watawa wa Kibuddha. Nilimjibu kwamba mimi ni Mkatoliki na sikuja kufundishwa kuabudu sanamu. Alicheka, akasema nikae tu nivute pumzi.

Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake humwita Buddha, alifundisha kaskazini mwa India karne kadhaa kabla ya Kristo kwamba mateso ya mwanadamu yana mzizi, na mzizi huo katika lugha ya Kipali unaitwa tanha, yaani kiu. Niliposikia hivyo nilimkumbuka yule mwanamke Msamaria kisimani: “Kila anywaye maji haya ataona kiu tena.” Walei wa dini hiyo wana maagizo 5, na la tano ni kujiepusha na vileo, kwa sababu vileo humwondolea mtu uangalifu. Uangalifu wenyewe huitwa sati, neno ambalo asili yake ni kukumbuka, na Biblia yetu nayo inasema mwana mpotevu aliinuka kurudi kwao “alipozingatia moyoni mwake”.

Zoezi ni hili. Kiu inapokuja, usiikimbie wala usigombane nayo. Keti, shusha mabega, vuta pumzi na kuiachilia, kisha itafute iko wapi: kooni, kifuani, mikononi? Ina joto? Inabana? Iangalie kama zamu wa usiku amwangaliavyo mpita njia, bila kumfungulia lango na bila kumrushia mawe. Profesa Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliyeyaingiza mafundisho haya katika matibabu ya walevi, aliifananisha tamaa na wimbi ambalo huinuka, hufika kileleni, na kushuka lenyewe. Sisi wa Bukavu hatuhitaji bahari ili tuelewe. Aliyewahi kuvuka Ziwa Kivu kwenda kisiwa cha Idjwi upepo ukiwa umeamka anajua kwamba mwenye mtumbwi hapigani na wimbi wala haligeuzii ubavu. Hulielekezea pua ya mtumbwi, akainuka nalo, akashuka nalo. Mlevi ni mtu anayeamini kwamba wimbi halitashuka mpaka anywe. Mimi niliamini hivyo kwa miaka 11, kwa sababu sikuwahi kungoja hata mara moja nikaona.

Mwaka 2014 wenzake Marlatt walitangaza matokeo ya watu 286 waliotoka katika matibabu ya ulevi na dawa za kulevya: baada ya miezi 12, waliofundishwa kukesha namna hii walikuwa na siku pungufu za kurudia kileo na dawa kuliko wenzao waliopewa matunzo mengine. Sikusema hakuna aliyeanguka.

Atakayeuliza kama tunaruhusiwa, asome tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la mwaka 1965, linalosema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Tena mababa wetu wa jangwani kule Misri, akiwemo Evagrius wa karne ya 4, waliwafundisha watawa kuyachunguza mawazo yao yanapoingia na yanapotoka. Buddha hasemi habari za Baba anayemngojea mwanawe njiani, nasi hatufichi tofauti hiyo. Ninapovuta pumzi mimi hutaja jina la Yesu.

Lakini kuna neno ambalo tumeliruka. Bwana hakusema “kesheni” peke yake, alisema “kesheni pamoja nami”, na waliolala hawakuwa maadui zake, walikuwa rafiki zake. Wapendwa, sisi tumelala. Kwenye sala tunaimba pombe itoke, na kwenye dot (sherehe ya mahari), ubatizo na matanga tunahesabu makasha ya bia kama kipimo cha heshima, hata familia iliyogawa chai ikaitwa bahili. Sisemi kwamba bia ni dhambi. Bwana alikuwa Kana. Nasema kwamba tunamwekea ndugu chupa miguuni, na anapoanguka tunamtoa kwaya, tunamnyang'anya masomo ya Dominika, tunampita pale Nyawera kama hatumjui. Nani kati yetu amewahi kuketi na mlevi dakika 20 wimbi lake likipanda, bila kumhubiria?

Jumanne nilikaa nikiivuta pumzi yangu, macho kwenye ile chupa. Kando yangu alikuwapo mama mzee ambaye hata jina langu halijui. Alinitazama, akaitazama chupa, akainama akaisogeza chini ya benchi kwa mguu wake, akanimiminia chai, kisha akaendelea na rozari yake. Sikumbuki kiu ilishuka saa ngapi.

Jumamosi tunamaliza matanga hayo. Nitaketi karibu na mlango, upande wa termosi. Atakayeona koo linamkauka asijieleze kwangu. Aje tu akae, benchi ni refu.