Kivuli cheusi kilivyoniharibia nyumba

Nyumba ya kwanza kuchora, ya udongo na paa la nyasi, ilitoka kama boksi lililolowa mvua. Mistari imenyooka, mlango uko mahali pake, lakini ukuta umekufa.

Kosa moja lilikuwa muda. Nilikaa na turubai moja ya kuchorea tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri, na jua halisubiri mtu, linasogea nyuzi 15 kila saa. Kivuli cha upenu nilichokipaka asubuhi kilikuwa kimeshahama, nami nikawa nakifukuza kwa brashi, mwisho nyumba ikawa na majua mawili. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alipochora marundo ya mavuno mwaka 1890 na 1891, alibadilisha turubai kila mwanga ulipobadilika, akafikisha kama 25. Mimi ubavu huo sina. Nilichukua mbili, ya asubuhi na ya jioni, na kila moja nikaigusa kwa saa moja tu kwa siku.

Kosa la pili, rangi nyeusi. Siku moja nilifinya macho nikautazama ule upenu vizuri: juu kivuli kilikuwa kahawia, kwa sababu ardhi yenye jua hurudisha wekundu wake ukutani, na pembeni, kinapoona anga, kilikuwa na ubluu. Weusi sikuuona popote. Tangu hapo nachanganya bluu nzito na kahawia nyekundu, naongeza hii au ile kadiri kivuli kinavyotaka.

Mikwaruzo ya udongo ndiyo iliyonitesa zaidi. Nilichanganya mchanga laini na rangi ya akriliki nikaupaka ukuta mzima kwa kisu. Ukawa na upele. Nikaukwangua. Sasa mchanga nauweka pale tu mwanga unapopita kwa kuparaza, mpakani mwa jua na kivuli. Ukikauka, nachukua brashi iliyo karibu kavu, yenye manjano mpauko, naipitisha ikiwa imelala. Inagusa vinundu tu, mashimo yanabaki na giza lake. Ndani ya kivuli napaka rangi nyembamba, laini.

Ile ya jioni ilikuwa na kuku, moshi na watoto wawili. Nilifuta vyote nikaacha mlango nusu wazi, na ukimya ukaingia wenyewe.

Paa bado linanishinda. Nikichora unyasi mmoja mmoja linakuwa ufagio, nikilipaka kwa jumla linakuwa godoro. Kwa sasa nachora nyasi za ukingoni tu, zinapokutana na anga.