Wizara moja tu
Leo nimekumbuka mwaka 2007 nyumbani, mzee wangu kaketi barazani redio iko pajani, kahawa inapoa hata hajaigusa. Fatah na Hamas, vyama viwili vikubwa vya Wapalestina, walikuwa wameshakubaliana kule Makka mwezi wa pili kuunda serikali pamoja, ikabaki kugawana mawaziri, na jamani kilichowashinda muda wote ule ni wizara ya mambo ya ndani. Me nikamuuliza baba, si wizara tu hiyo? Akanambia mwanangu, hiyo ndo yenye polisi, mwenye polisi ndo mwenye nchi. Mwisho wakampa Hani al-Qawasmi, mtu asiye na chama, na tarehe 17 mwezi wa tatu serikali ya umoja ikaapishwa, Ismail Haniyeh wa Hamas waziri mkuu, Mahmoud Abbas wa Fatah rais. Mzee alifurahi mpaka akaita jirani. Ila ukweli askari hawakumsikiliza yule waziri, kila kikosi kina mkubwa wake, mwezi wa tano akaachia ngazi, wa sita Fatah na Hamas wakapigana wenyewe kwa wenyewe Gaza, Abbas akaivunja serikali akamweka Salam Fayyad awe waziri mkuu huko Ramallah, Ukingo wa Magharibi. Hata miezi mitatu haikufika!! Mzee alizima redio akaingia ndani bila kusema neno.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba wale watu walikuwa chini ya ukaliaji wa Israel, mawaziri wengine hata kutoka Ukingo wa Magharibi kwenda Gaza hawakuruhusiwa, wakaunganishwa kwa video, halafu bado wakagombania polisi.