Taarabu ya Mama ilivyokuwa ikikatika jikoni

Mama alipohamia kwangu Tabata, kitu cha kwanza kuulizia kilikuwa redio. Nikamnunulia spika janja, ile unayoiamrisha kwa sauti. Wiki ya kwanza ilikaa sebuleni, raha tupu. Wiki ya pili akaomba ihamie jikoni, awe na Bi Kidude wake akikuna nazi. Hapo muziki ukaanza kukatika.

Katikati ya wimbo, kimya. Taa ndogo ya juu inazunguka tu. Nikaangalia bando, lipo. Nikazima ruta, nikaiwasha. Siku mbili shwari, ya tatu yaleyale.

Ikabidi nikae jikoni jioni nzima nikiangalia. Saa moja kasoro Mama akaingiza mchuzi kwenye maikrowevu, na papo hapo spika ikanyamaza. Maikrowevu ilipolia kwamba mchuzi tayari, muziki ukarudi. Maikrowevu hufanya kazi kwenye mawimbi ya karibu gigahezi 2.45, na waifai ya gigahezi 2.4 inapita njia hiyohiyo. Nami nilikuwa nimeiweka spika bega kwa bega na maikrowevu, hata shubiri mbili hazifiki! Nikaiunganisha spika na waifai ya gigahezi 5 ya ruta ileile. Hiyo inasumbuliwa sana na kuta, na nyumba yetu ni ya tofali za saruji, kwa hiyo ruta ikatoka chumbani kwangu ikaja koridoni.

Jumamosi, saa nne asubuhi, muziki ukakatika tena. Maikrowevu imezimwa. Ila safari hii taa haikuzunguka. Wimbo ulisimama wima, kama mtu kaubonyeza. Nikafungua programu ya muziki kwenye simu. Akaunti yetu inapiga singeli, kwenye simu ya mdogo wangu, huko Mwanza, ndani ya daladala. Huduma nyingi za muziki haziruhusu akaunti ya mtu mmoja kupiga sehemu mbili kwa wakati mmoja. Yeye akiwasha, Mama anazimiwa. Nikampigia.

"Dada, nisamehe, sikujua kama namkatia Mama."

Tumehamia kifurushi cha familia, kila mtu na akaunti yake.

Limebaki la lugha, na hili linaniuma kuliko yote. Spika yetu haielewi Kiswahili. Siku zote nilikuwa namwashia Mama kwa simu yangu, kwa sababu yeye akisema "Bi Kidude" inamletea gitaa za Wazungu. Mtu aliyezaliwa Unguja, aliyemwona Bi Kidude kwa macho yake akipiga ngoma, asisikilizwe jikoni kwake mwenyewe? Nimemkusanyia nyimbo zake kwenye orodha moja, nikaiita Zanzibar, jina ambalo spika inalijua.

Jana asubuhi nilikuwa bado kitandani nikamsikia akilitamka, polepole, silabi baada ya silabi. Spika ikaitika. Kisha nikasikia mbuzi ya nazi ikikwaruza, naye anaimba.