Asilimia 40 ya nini?

Mwaka jana kijana mmoja wa kampuni alifika kijijini kwetu, kusini mwa Kwale, na kurasa thelathini na kitu za Kiingereza. Alitaka kamati ya mikoko itie sahihi kabla ya adhuhuri, kampuni ikatafute wanunuzi wa hewa ukaa. Mimi ndiye katibu. Nikamwambia atuachie nakala. Hakufurahi.

Mkataba ulinishinda kuusoma peke yangu. Nikachapisha sheria yenyewe, ile ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa 2023, na kanuni za masoko ya kaboni, yaani hiyo biashara ya hewa ukaa, za 2024, nikaketi na mpwa wangu anayesomea uwakili, siku tatu baada ya isha. Kumbe mradi wa ardhi, kama huu wa mikoko, lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na fungu la jamii kila mwaka ni asilimia 40 ya mapato, si chini ya hapo. Miradi isiyo ya ardhi, kama ya majiko, ni 25. Karatasi ya yule kijana ilisema "sehemu ya faida", basi.

Barazani sikutaja tani. Nilisema mkoko huvuta hewa chafu, ndiyo hiyo hewa ukaa, nyingine ikazikwa topeni, na wenye viwanda ng'ambo hulipa ili tope lile lisiguswe. Wazee wakacheka: tunauza upepo! Bibi mmoja mchuuzi wa samaki hakucheka.

"Asilimia arubaini ya nini, mwanangu? Kuna pesa ya ngisi, na kuna inayobaki nikishalipa barafu na bodaboda."

Sikuwa na jibu. Tukaandika kifungu: kila gharama itajwe jina, na risiti zipite kwa wanakijiji watatu.

Kabla ya kutia sahihi tulikwenda Gazi, wanne, kwa matatu. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa huko wa kuuza hewa ukaa ya mikoko, ulianza 2013, na fedha zimeleta maji na vitabu vya shule. Lakini hekta zao 117 ni kama tani 3,000 tu za hewa ukaa kwa mwaka. Sisi hata nusu ya msitu huo hatuna, kwa hiyo waliokuwa wameshaanza kuhesabu mabati ilibidi niwatulize.

Kijana alirudi mara nne. Ya mwisho alikuja na nakala ya Kiswahili, kifungu chetu kimo, tukatia sahihi. Malipo bado. Risiti ya kwanza imefika, ya mafuta ya boti. Bibi ameirudisha: haina tarehe.