Siku moja maishani mwangu: kumsaka salmonela herufi kwa herufi

Saa 11:40 alfajiri. Nimesimama ndani ya daladala kuelekea maabara, mkoba kifuani. Wazo ni moja tu: je, umeme ulikatika usiku? Mashine ya kusoma jenomu, yaani DNA yote ya kimelea, niliiwasha juzi jioni, na ikikatizwa katikati, vitendanishi vyote vimekwenda na maji.

Saa 1:15 asubuhi. Imemaliza salama. Namshukuru Mungu, na jenereta.

Saa 2:00. Kwanza sahani za jana. Kwenye agari ya XLD, rojo la kuoteshea bakteria, salmonela, yule bakteria wa chakula anayeharisha watu, hajifichi: vidoa vyekundu vyenye kitovu cheusi tii, kama zile mbegu tulizotungia shanga utotoni. Nachukua kidoa kimoja tu, nisije nikasoma vimelea wawili kwa mpigo.

Saa 4:00. Pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupima matone, mpaka mchana. DNA inanaswa na chembe za sumaku, naziosha kwa ethanoli ya asilimia 80, kisha nangoja zikauke, lakini si sana. Zikishapasuka kama tope la kiangazi, DNA haitoki vizuri. Hapa simu sipokei, hata ya mama mkwe.

Saa 7:00. Wali maharage.

Saa 8:00. Kompyuta. Jenomu ya salmonela ina herufi za DNA takriban milioni 4.8. Nina wagonjwa 7 wa shughuli moja ya harusi, na salmonela aliyetoka kwenye kuku wa mama lishe aliyepika. Mtaa ulishamhukumu. Programu inalinganisha: vimelea vya wagonjwa 6 vinatofautiana kwa herufi 0 hadi 2. Hao chanzo chao kimoja. Wa 7 yuko mbali, aliupatia ugonjwa kwingine. Na wa kuku? Tofauti mamia ya herufi! Kwa kipimo cha kuotesha peke yake wote wangeitwa salmonela, na mama wa watu angefungiwa biashara.

Saa 9:30. Nampigia Bwana Afya.

"Kwa hiyo si kuku?"

"Si kuku yule. Walikula nini kingine?"

Nikiuliza hivi huwa nakumbuka Afrika Kusini. Mlipuko wa listeria, bakteria mwingine wa chakula, wa 2017 na 2018 uliua watu zaidi ya 200. Jenomu zilishaonyesha kwamba wagonjwa wengi wana aina moja, ST6, ila chakula hakikujulikana. Januari 2018 watoto wa chekechea moja Soweto wakaugua, maofisa wakachukua poloni, aina ya soseji nene, iliyokuwamo kwenye friji ya pale, na ufuatiliaji ukawafikisha kwenye kiwanda kimoja Polokwane. Mashine hulinganisha kile ilicholetewa, basi.

"Palikuwa na saladi ya mayonezi, waliitengeneza wenyewe nyumbani."

"Imebaki hata kidogo?"

"Dada, ilikwisha palepale. Na mabakuli yalishaoshwa."

Kwenye fomu naandika: chanzo hakijathibitishwa.

Saa 11:00 jioni. Naiwasha tena mashine, namwachia mlinzi namba yangu na dumu la dizeli, nakimbilia kituoni.